Vidole vya Matroni

Matroni wa bweni la wasichana, hapo Kiomboi, hutazama kila filamu bwaloni kabla ya wanafunzi, ungo wa maharage mapajani, vidole vikichambua bila kuangaliwa. Mwalimu Melkizedeki, aliyekwisha kuwaahidi kidato cha tatu filamu ile kongwe ya kutisha, aliketi kando akivikodolea macho vidole hivyo, maana vikisita tu, filamu imemgusa. Mwaka uliopita, hadithi moja tu ya mizimu iliwaangusha wasichana thelathini wakipiga mayowe, shule ikafungwa juma zima. Kwenye filamu jeneza likafunguka, vidole vikaendelea. Maiti akasimama, kijiwe kikatupwa sakafuni. “Huyu naye kapakwa unga wa ugali,” matroni akanong’ona. Mwalimu akashusha pumzi. Ndipo binti wa kwenye filamu alipougonga mlango uliokomewa, akimwita mama yake, asitokee wa kumfungulia. Vidole vikasimama, wala havikurudi kwenye ungo hadi filamu ilipokwisha.

“Mama, nikawaambie nini?”

“Waje kesho mchana, Mwalimu. Nitakaa nao.”

Akauweka ungo chini, akauendea mlango wa bwalo, akachomoa komeo lake, akaondoka nalo.