Zinia za Wairimu

Mwaka nilioletwa kuishi kwa Cucu kule Tetu nilikuwa na miaka tisa, na jambo la kwanza aliloniambia, kabla hata sijavua viatu, lilihusu maua. Cucu ndivyo sisi tunavyomwita bibi. Mama yangu aliuza mchele Wang'uru, akilala katika chumba kimoja kilichojaa magunia, kwa hiyo akanipeleka kwa mama yake mzazi nisomee huko. Cucu alinishika bega akaninyoshea kidole bondeni, ng'ambo ya majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, mahali palipokuwa na rangi nyekundu na ya waridi na ya machungwa katikati ya kijani kitupu.

"Unaona zile zinia? Pale hapalimwi na hapachumwi. Ukichukua mbegu yake ukapanda kwingine, mwenyewe ataifuata."

"Mwenyewe ni nani, Cucu?"

"Enda uvue viatu."

Kidogo kidogo nilikuja kumjua mwenyewe, maana watoto husikia mengi kwa kunyamaza. Alikuwa Wairimu, mke wa Mjomba Gitahi. Aliwahi kujengewa nyumba ya mbao pale bondeni. Aliondoka mimi nikiwa ningali mgongoni, mjomba akabomoa nyumba, akauza mbao na kuhamia Nanyuki, ambako alioa tena. Majirani walisema Wairimu alikuwa na mkono mbaya, kwamba alichokigusa hakikai. Jambo hilo lilinisumbua sana. Maua yake yalikuwa yakichipuka yenyewe kila mvua iliponyesha, hayana wa kuyapalilia wala kuyanywesha, na hayakuwa na dalili ya kuisha.

Ieleweke kwamba Cucu hakuwa mtu wa tunguri. Alikuwa na Biblia yenye jalada la kitenge, na Jumapili alivaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Lakini kila tulipopita juu ya lile bonde tukipeleka maziwa barabarani alijitemea mate kifuani, taratibu, kama mtu anayefunga kifungo.

Julai ile ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa wiki mbili. Asubuhi moja, saa moja na nusu hivi, nilitumwa kukata nepia. Nilikuwa nimefika mwisho wa mistari, panga mkononi, niliposikia mtu akiimba. Hakuwa akiimba maneno. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayebembeleza, inapanda kidogo na kushuka, inatulia, kisha inaanza tena. Ilitoka kwenye maua. Sikuona kitu, maana ukungu ulikuwa mzito hata panga langu mwenyewe lilififia mbele ya macho yangu. Nilidhani ni jirani. Nikaita. Sauti ikanyamaza mara moja, na ule ukimya uliofuata ndio ulionikimbiza.

Cucu alikuwa akiosha ndoo ya kukamulia. Nilipomweleza hakunikaripia. Aliuliza jambo moja tu.

"Wimbo wenyewe ulikuwa vipi?"

Nikamwimbia kama nilivyokumbuka. Nilipofika pale panaposhuka, Cucu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ng'ombe alilia kwa kujaa maziwa mpaka karibu saa sita, na Cucu alibaki pale pale, mikono yake mapajani.

Ungedhani baada ya hapo nisingekaribia tena. Lakini mtoto huogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, na kile kilicho karibu hushinda. Mwezi wa tatu uliofuata mwalimu wetu wa kilimo alitaka kila mtoto alete mbegu za maua ili tutengeneze bustani mbele ya ofisi. Kila mtu alitaja zake. Mimi sikuwa na kitu, na asiyeleta angesimamishwa mbele ya darasa. Mwalimu alikuwa ametufundisha vizuri: usikate ua linalong'aa, tafuta lililokauka juu ya shina lake mpaka likawa la kahawia na gumu, lipasue kiganjani, mbegu ni kile kipande bapa kama ncha ya mshale kilichoshikana na chini ya petali.

Nilienda Jumamosi, jua la saa sita likiwa kichwani, kwa sababu niliamini jua haliwezi kukaa na kitu kibaya. Maua ya mvua za vuli yalikuwa yamekauka yote. Nilivunja vichwa haraka haraka, navipasua, napuliza makapi, namimina mbegu kwenye karatasi niliyochana daftarini. Nilipopiga magoti goti langu liligonga jiwe. Nikasogeza majani. Kulikuwa na mawe madogo ya mtoni yaliyopangwa kwa mstari, mtu ameyachagua yalingane, na mstari wake ulizunguka ukafungana. Urefu wake haukuzidi mkono wangu. Nilijua kwamba sikupaswa kuona jambo lile, ingawa sikujua ni jambo gani. Nikayafunika tena.

Nusu ya mbegu nilipeleka shuleni. Zilizobaki ningeweza kuzitupa. Sijui hadi leo kwa nini sikuzitupa. Labda ni kwa sababu Cucu alinikataza bila kuniambia sababu. Labda nilitaka tu kuona. Mvua ndefu zilipoanza nilizifukia kando ya lango letu, kina cha kucha, na kwa siku sita zilikuwa zimetoa majani mawili mawili.

Macho ya Cucu yalikuwa yameanza kuchoka, akadhani ni magugu. Mwishoni mwa Juni ua la kwanza likafunguka, jekundu lililokolea, kubwa kama kifuniko cha mtungi. Nilimkuta amesimama mbele yake ameshika panga.

"Ulitoa kule chini?"

"Ndiyo, Cucu."

"Zote?"

"Zingine nilipeleka shule."

Nilijikunja nikingoja fimbo. Aliinua panga, akalishusha, akaliinua tena. Kisha akaliegemeza kwenye nguzo ya lango.

"Haya," akasema, "sasa atakuja."

Tangu siku hiyo alihamisha kiti chake kutoka jikoni akakiweka barazani kuelekea lango. Alikaa pale akichambua maharagwe, akisuka kiondo, akisoma, na kila mtu alipopita barabarani mikono yake ilisimama. Wakati mwingine midomo yake ilicheza kana kwamba anazungumza na mtu. Nilijaribu kusikia, sikuweza. Kwenye maua, majani ya chini yalianza kupata ule ukungu mweupe kama unga ambao zinia hupata wakati wa baridi, na nikashawishika kwamba ni alama, kwamba kilichokuwa kinakuja kilikuwa kinapanda shina kwa shina. Nililala nimejifunika uso. Nilimwomba Mungu ayakaushe. Hayakukauka.

Alikuja mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, saa nne asubuhi kukiwa na jua.

Nilikuwa nafagia. Nikamwona mwanamke mwembamba sana, sweta lake limemzidi, kitambaa cha njano kichwani, amesimama langoni anayatazama maua. Hakugonga. Alinyosha kidole akagusa moja, kwa upole.

"Nani alipanda hizi?"

"Ni mimi."

"Mbegu ulitoa wapi?"

"Kule chini."

Alifumba macho. "Kwa hivyo bado ziko," akasema, lakini hakuwa akiniambia mimi.

Cucu alikuwa ameshasimama barazani. Nakumbuka kiondo kikibiringika kutoka mapajani mwake mpaka kwenye ngazi.

"Mama," mwanamke akasema.

"Wairimu. Nilijua utakuja."

"Sikuja na maneno, mama. Nimekuja kumwona Nyaguthii."

Hapo nilichanganyikiwa, kwa kuwa Nyaguthii ni jina la Cucu, na Cucu alikuwa amesimama mbele yake. Lakini Cucu alielewa. Alichukua fimbo yake akatangulia kushuka bondeni, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikanyaga kule, na Wairimu akamfuata. Mimi nilifuata nyuma kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nilikuwa nalijua jambo hilo maisha yangu yote, lakini sikuwa nimelifikiria mpaka nilipomwona Wairimu akipiga magoti, akitenga mashina kwa mikono miwili na kuyahesabu yale mawe. Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Wakamzika kando ya nyumba, bila msalaba, kama watoto wachanga walivyozikwa, na mama yake akapanda zinia juu yake ili asipotee.

"Nilisema mbele ya watu," Cucu akasema. Alikuwa bado amesimama, ameegemea fimbo. "Siku ile ile, udongo ukiwa bado mbichi. Nilisema mkono wako haulei."

"Ulisema, mama."

"Jina langu ndilo mlikuwa mnafukia. Niliona ni kama mmenitia mimi hapo. Niliogopa, nikatafuta wa kulaumu."

Wairimu aling'oa gugu moja, kisha lingine. Nilitamani aseme amesamehe, ili twende nyumbani tunywe chai, maana vitabu vyetu vya shule viliisha hivyo. Hakusema. Mwishowe akaeleza kwamba alikuwa mgonjwa, amepewa tarehe ya kupasuliwa mwezi wa kumi, na alitaka kumwona mtoto wake kwanza. Kisha akaomba mbegu.

Cucu aliweka fimbo chini. Aliinama, mgongo ukimuuma, naye macho yake hayaoni vizuri, akawa anapapasa ua moja baada ya lingine kutafuta yaliyokauka. Yalikuwa machache kwa sababu ya baridi. Alivunja kila moja na kuliweka ndani ya kile kitambaa cha njano ambacho Wairimu alikuwa amekivua. Hapo nikaona kwamba nywele zake zilikuwa zimekwisha.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nilimvuta Wairimu sweta. Nilikuwa na swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni mwaka mzima.

"Shangazi, ulikuwa unakuja hapa asubuhi na mapema? Wakati wa ukungu?"

Alinitazama kwa mshangao. "Mimi? Tangu niondoke, leo ndiyo mara ya kwanza nakanyaga Tetu."

Cucu alikuwa mbele yetu, na niliona hatua yake imekatika. Hakugeuka.

Wairimu alifariki mwezi wa kumi na moja. Walimzika kwa wazazi wake, Gakindu, kwenye shamba lao la kahawa. Cucu alikwenda, akanichukua. Watu walipoulizwa kama kuna mwenye neno alisimama, akalitaja lile alilolisema miaka ile, neno kwa neno, akasema lilikuwa uongo. Watu walinong'ona. Mama yake Wairimu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso. Lakini kabla hatujaondoka alitupitisha nyuma ya nyumba, na pale kwenye kitalu kidogo kilichozungushiwa vijiti kulikuwa na miche ya zinia yenye majani manne manne. Binti yake aliipanda wiki moja kabla ya kwenda hospitali.

Sasa mimi ni mtu mzima, na nimewahi kusimulia kisa hiki kwa watu wenye akili zao. Wengine huniambia ukungu hucheza na sauti, kwamba niliyemsikia alikuwa mama fulani ng'ambo ya mto. Inawezekana. Lakini najua alivyoketi Cucu nilipomwimbia, na najua ni mtu mmoja tu aliyewahi kumbembeleza mtoto katika ile nyumba ya bondeni.

Ninalolifikiria zaidi siku hizi ni jingine. Wairimu angekuja hata kama nisingepanda kitu. Ugonjwa ndio uliomleta, hakuwa na habari ya maua ya langoni. Lakini angekuja bila kutarajiwa, siku yoyote tu, na Cucu, ninavyomjua, angemwambia mambo ya aibu kisha ajifungie ndani. Badala yake alikuwa amekaa barazani wiki saba akimngoja, midomo ikicheza, na mimi nikidhani anaomba kinga. Leo naamini alikuwa anayajaribu yale maneno aliyokuja kuyasema bondeni, anayasema na kuyaacha, anayasema tena, mpaka yakaweza kutoka.