Tulivyoijadili Sheria ya Kiuno

Mvua ikikatika kwetu Bugarama, bondeni karibu na mpaka, mabua ya mpunga uliovunwa hutoa harufu nzito yenye utamu kidogo, kama uji uliosahaulika jikoni. Harufu hiyo, ikichanganyika na ya vumbi la kiwanda cha saruji lililotulizwa na maji, kwangu ndiyo harufu ya raga. Uwanja wa shule yetu ulipakana na mashamba ya mpunga, na magoli yake yalikuwa magogo ya mkaratusi tuliyoyasimamisha wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye mbio. Madamu Espérance, mwalimu wetu wa biolojia aliyejifunza raga akiwa chuoni, alinipanga nyuma kabisa, anapongoja mchezaji wa kudaka mipira ya juu. Mbele yangu walicheza rafiki zangu wawili: Claudine, aliyekimbia na mpira kama anayefukuzwa na nyuki, na Hadija, binti wa mkulima wa mpunga, ambaye akikukaba ulijua umekabwa.

Jioni moja ya mazoezi, wawili hao walikutana uso kwa uso. Mkono wa Hadija ulimpata Claudine shingoni, na Claudine akaanguka chali. Alipofumbua macho alimuuliza Madamu kama kengele ya asubuhi imeshalia. Tulimpeleka kituo cha afya, wengine wakikimbia mbele kuomba nafasi, Hadija akiwa wa mwisho, akilia bila sauti. Claudine alipona baada ya kupumzika nyumbani majuma kadhaa, lakini habari ilikuwa imefika sokoni kabla yetu, na wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao kwenye timu.

Mama yangu alikuwa mzaliwa wa Bukavu, akipitisha vitenge na sabuni mpakani Ruhwa, na hakuwa mtu wa maneno mengi akiwa amechoka. Usiku wa siku Claudine alipoanguka, alivua viatu, akaniangalia, akasema: "Neema, ile muchezo ya kuvunjana shingo, mi sitake tena. Nilikutuma ku masomo, sikukutuma ku vita." Nilimsihi. Akanijibu kwamba kama Madamu ana la kusema, aje aliseme mbele ya wazazi, naye atakuja kusikiliza.

Madamu alikuwa nalo. Alikuwa amesikia kwenye redio ya Kifaransa kwamba huko Ufaransa timu za ridhaa zinajaribu sheria mpya: mchezaji asikabwe juu ya kiuno. Angeweza kututangazia tu, nasi tungetii, maana ndivyo tulivyozoea. Badala yake alituita darasani baada ya masomo, wazazi wakakaa madawati ya nyuma, magoti yakiwagonga mbao. Claudine naye alikuja, kitambaa kichwani. Madamu akaieleza sheria, akaiandika ubaoni, kisha akasema, "Hili ni jaribio la muhula mmoja. Mkikataa, sitalilazimisha, lakini nataka kusikia sababu. Tuanze na anayepinga."

Hadija alisimama kabla Madamu hajamaliza. Alisema timu za Kamembe zitaendelea kutukaba juu, sisi tukiwa tumejifunza mchezo mwingine. Alisema ukiinama chini sana, kichwa chako mwenyewe kinakutana na goti la mwenzako, na hilo nalo ni jeraha. Madamu alikubali kwamba hoja zote mbili zina uzito, akaziandika ubaoni. Nilidhani Hadija angekaa. Hakukaa. Akasema, "Na tena, kila mtu hapa anajua sheria hii inatungwa kwa ajili yangu. Mkiipitisha, mtakuwa mmesema mimi ndiye niliyetaka kumuua Claudine."

Niliona sheria inataka kufa, na ikifa, mimi sitacheza tena. Nikanyoosha mkono bila kujua nitasema nini, na swali lililonitoka lilikuwa la kumuuliza Claudine anakumbuka nini. "Nakumbuka niliinama," akasema. "Nilimwona Hadija, nikaingiza kichwa chini ili nimpite. Mkono wake ulikuwa kifuani. Mimi ndiye niliyeupelekea shingo." Hadija akamgeukia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya siku nyingi. Mama yangu, ambaye sikutegemea aseme lolote, akasema kutoka nyuma, "Basi, Madamu, ile sheria ifunge bote babili. Mwenye kukaba asipande, na mwenye mupira asiinamishe kichwa."

Madamu aliifuta sentensi yake ubaoni akaandika ya mama. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na wa Hadija ulipanda polepole, lakini ulipanda. Mama alipotoka aliniambia tu nisisahau kufua soksi, nami nikajua nimeruhusiwa.

Mechi yetu ya kwanza kwa sheria hiyo ilikuwa dhidi ya shule ya Mururu, ambao walikubali kujaribu nasi. Kipindi cha kwanza filimbi haikupumzika. Hadija aliadhibiwa kwa penalti moja baada ya nyingine hadi akaketi majanini akicheka kwa hasira. Kipindi cha pili alianza kupiga goti moja, bega likiingia pajani, kichwa pembeni, na wasichana wa Mururu wakawa wanaanguka kama migomba iliyokatwa, wanainuka, wanajipangusa. Tulishindwa. Claudine aliomba aingizwe dakika za mwisho, akakimbia kichwa juu, na Hadija alipiga kelele za furaha kumzidi hata mama mzazi wa Claudine.

Sasa mimi ni muuguzi, na jioni hutazama raga kwenye simu. Wakubwa wa mchezo bado wanajaribu sheria. Kwingi wameshusha mkabo hadi chini ya kifua, si kiuno, na Hadija, ambaye sasa analima mpunga wake mwenyewe, hunitumia ujumbe wa sauti kunikumbusha kwamba alisema mapema kuwa kiuno ni chini mno. Nikisoma watu wanavyobishana mtandaoni, wanatukanana na wengi hawajawahi kumwona wanayemjibu. Kazini mabadiliko hutufikia yakiwa yameshabandikwa ukutani. Sisemi zamani kulikuwa bora. Leo Claudine angepimwa vizuri zaidi, na huenda wasichana wa sasa hawaanguki vile kabisa. Ila namshukuru Madamu Espérance kwa jambo moja ambalo tangu hapo nimelikuta mara chache: nikiwa mtoto, mtu mzima aliniuliza nafikiri nini, kisha akanyamaza, akangoja nijibu.