Kurasa Nne za Nyangeta

Siku yangu ya kwanza kazini, maktaba ya Musoma, Mkutubi Mkuu alinikabidhi trei ya kadi kabla hata ya kunionyesha kiti. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake kwenye kimfuko cha ndani ya jalada; kikiazimwa, kadi inabaki kwetu ikiwa na jina la msomaji. "Ukipoteza kadi umempoteza mtu," alisema. Ninyi wa kompyuta chekeni tu.

Nilipohamishiwa Bunda nilikuwa mkali kupita kiasi, nakiri. Kulikuwa na mjane wa Kabasa, Nyangeta, aliyejifunza kusoma ukubwani. Riwaya moja nene aliisoma kwa miezi, akikunja kona ya ukurasa alipoishia, nami nikiinyoosha huku nikimgombeza kila alipokuja kuongezewa muda. Mwishowe msomaji mwingine akaiomba, ikabidi airudishe.

"Mwanangu, zimebaki kurasa nne. Niache nikae hapa nimalizie."

Nilikuwa nimeshashika funguo. "Tunafunga, mama. Sheria ni sheria."

"Haya. Nitakuja kumalizia."

Wiki hiyohiyo alifariki. Mkuu wangu aliniagiza niandike "marehemu" kwenye kadi yake ya uanachama, kisha niichane. Kuandika niliandika. Kuichana nilishindwa, na zile kurasa nne zikanikaa rohoni miaka yote.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Butiama, chumba kimoja cha kusomea kilichojazwa vitabu vya ziada kutoka Bunda. Asubuhi moja akaingia mama kijana akivutwa mkono na binti wa miaka minne hivi.

"Shikamoo, mama. Tulikuwa tunapita tu, huyu kaniburuta humu. Analiaga kila siku, hospitali tumeenda mpaka tumechoka. Wazee wakasema analilia jina; tukampa la marehemu bibi yake wa Kabasa, Nyangeta, tukajua atatulia. Wapi!"

Mtoto alikuwa ameshafika rafu ya mwisho. Alichomoa riwaya ileile, akaniletea. Kona ya pale zilipobaki kurasa nne, niliyoinyoosha kwa mkono wangu, ilikuwa imekunjwa upya.

"Leo utaniacha nimalizie?" aliniuliza.

Niliogopa, sifichi. Nilimpakata nikamsomea zile kurasa nne kwa sauti, mimi niliyekuwa nikiwafukuza watu kwa kosa la kunong'ona tu. Nilipomaliza neno la mwisho, alikifunga kitabu mwenyewe.

"Asante, mwanangu," alisema, akalala palepale.

Sasa nimestaafu. Mama yake aliniambia kilio kilikoma siku ile. Kadi ya Nyangeta ninayo nyumbani; chini ya neno "marehemu" niligonga muhuri wa tarehe, kama tulivyokuwa tukifanya kila kitabu kiliporudishwa.