Dada Pamba, Aliyekubali Kuingia Ndani

Alizaliwa mwaka 1931 katika chumba cha nyuma cha karakana ya magodoro, mtoto wa kwanza wa fundi magodoro na mkewe. Uchungu ulimshika mama yake ghafla, hapakuwa na muda wa kumfikisha hospitali, na mama jirani akampokea mtoto juu ya rundo la pamba iliyokuwa ikingoja kushindiliwa. Alitoka na nyuzi nyeupe kichwani. Kwa kuwa hazikumtoka tena maisha yake yote, mtaa mzima ulimwita Dada Pamba, na jina lake la ubatizo, ingawa limo katika kumbukumbu za kanisa, hata paroko alikuwa akilisahau.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba na mdogo wake wa kiume akiwa bado ananyonya. Basi alimlea. Alimbeba mgongoni huku akichambua pamba, akamfundisha kutembea kwa kushika kingo za meza ya kushonea, akamfundisha ishara ya msalaba kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Baba yao hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na desturi ya kusimamisha kazi jioni na kumshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya kila aliyeleta godoro siku hiyo, hata wale wakorofi. "Huyu naye ana mgongo," alikuwa akisema, "na mgongo wake unauma kama wangu." Ndivyo binti yule alivyojifunza kusali, kati ya vumbi na sindano, kabla hajajua kusoma.

Alipokuwa na miaka ishirini na tatu aliomba kuingia utawani, na mama mkuu wa masista, aliyekuwa amemfahamu tangu komunyo ya kwanza, akamkubali kwa furaha. Ilipangwa aende baada ya Pasaka. Karakana ingeshikwa na mdogo wake, aliyekuwa kijana sasa, mwenye mikono mizuri na miguu isiyotulia. Lakini wiki ile ya mwisho ya Kwaresima kijana aligombana na baba yake mbele ya wateja. "Sitazeekea kwenye vumbi hili!" alisema, akachukua nguo zake, akaondoka bila kuaga. Kabla mwezi haujaisha baba alianguka karakanani, mkasi mkononi. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Dada Pamba alikwenda kwa masista akarudisha kitambaa cheupe cha kichwani alichokuwa amekwisha kupewa. Mama mkuu alimshika mikono akamwambia, "Mlango tutauacha wazi, mwanangu." Akajibu, "Asante, mama. Kwa sasa kuna mtu anangoja kugeuzwa ubavu."

Kwa miaka kumi na moja alimlisha baba yake kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza kitandani ili ngozi isichubuke, na katikati ya hayo akashona magodoro ya watu. Jumamosi watoto wa katekisimu walikaa kwenye marobota ya pamba naye akawafundisha huku sindano ikienda. Kulikuwa na mtoto aliyeuliza uvumilivu ni nini. Akampa fundo la pamba iliyoganda akamwambia alichambue bila kulikata. Mtoto alihangaika nalo mpaka kipindi kikaisha, akalalamika, "Dada, hili lina kichwa kigumu!" Akacheka, akamwambia, "Sasa umejua Mungu anavyotuchambua." Aliwatengenezea wagonjwa magodoro bila malipo, na watu wakaanza kusema kwamba mtaani kwao kuna mtakatifu. Maneno hayo yalimuumiza. Baadaye aliwaeleza wazi akina mama wa jumuiya yake ni kwa nini: katika rozari aliwataja wote wa familia, walio hai na waliokufa, isipokuwa mmoja. Kila jioni baba alijikakamua na kuuliza, "Amekuja?" Naye alijibu, "Bado, baba," kisha akarudi karakanani kupiga pamba kwa nguvu kuliko pamba ilivyohitaji.

Jumapili moja ya mwaka 1965, mchana baada ya Misa, mdogo wake alirudi. Alisimama mlangoni amekonda, nguo zake zote zimo katika mfuko mmoja wa turubai. Baba alitoa sauti ambayo majirani waliisikia hadi barabarani, na wote wakaja mbio. Mama jirani yule yule aliyempokea Dada Pamba akabandika sufuria, wengine wakaleta viti, nyumba ikajaa kicheko. Dada Pamba aliona yote kupitia dirisha la karakana. Hakutoka. Alifunga mlango kwa ndani, akachukua fimbo ya kupigia pamba, akaanza kazi, yeye ambaye hakuwahi kufanya kazi siku ya Bwana.

Mama jirani alimgongea. "Dada Pamba, si utoke umsalimie mgeni?"

"Mgeni ana wenyeji wake. Mimi nina kazi."

"Leo Jumapili, mwanangu!"

"Hata ugonjwa wa baba ulikuwa haupumziki Jumapili, na sikumwona mtu."

Mama jirani akarudi ndani akamweleza mzee. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo walioliona hawakulisahau. Fundi magodoro, ambaye tangu augue hakuwa amevuka ua bila mkono wa binti yake, alisimama. Mwanawe alikimbilia kumshika, naye akamkatalia kwa kichwa. Akashika kiti cha mbao kwa mkono wake mzima, akakisukuma mbele, akauburuta mguu uliokufa, akakisukuma tena. Aliuvuka ua wote hivyo, jasho likimtoka, mpaka mlango wa karakana, akaugonga kwa kiti.

Aliposikia kiti, Dada Pamba alidhani ni mtu amekuja kumlazimisha, akafungua kwa hasira. Alipomwona baba yake peke yake pale, alimdaka.

"Baba! Nani amekuacha uje hivi?"

"Mama," alisema mzee, kwa kuwa ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Njoo tule."

"Baba, mimi sikuondoka." Na hapo machozi aliyoyazuia miaka yote yakatoka. "Mimi nilibaki. Hakuna aliyenipikia kwa kubaki."

Mzee aliyatafuta maneno moja moja. "Najua," alisema. "Ndiyo maana... wewe... nimekuja kukuita mwenyewe."

Katika mfano wa baba na wana wawili tunaousikia kanisani, hatuambiwi kama yule mkubwa aliingia. Tunamwacha pale nje, na baba yake akimsihi. Dada Pamba aliingia. Hakuingia kwa furaha, na hakujifanya anayo. Aliweka fimbo chini, akakung'uta gauni, akampa baba mkono, akavuka ua. Mdogo wake aliinuka akaanza kusema aliyokuwa ameyaandaa njiani, "Dada, mimi sistahili hata..." Akamkatiza, "Kula kwanza, umekonda mno. Hayo mengine tutayasema." Akakaa karibu naye, akampakulia. Akina mama walipomuuliza baadaye alihisi nini, alisema, "Sikuhisi kitu. Miguu ilitangulia. Moyo nilikuwa nimeuacha karakanani."

Moyo ulichelewa kweli. Kwa miezi mingi alimjibu mdogo wake kwa mkato, akamfumulia mishono aliyoshona, akajilaumu, akarudia. Lakini alianza kumtaja katika rozari, kwanza mwishoni kabisa, kwa haraka. Siku moja ndugu yule, aliyekuwa amesahau ufundi, alishona ukingo wa godoro kubwa akiwa ameliinamia, na alipotaka kusimama godoro likasimama naye: alikuwa amelishona pamoja na mkono wa shati lake. Alizunguka nalo karakanani kama mtu anayecheza dansi na mwanamke mnene. "Dada, nisaidie!" Dada Pamba alicheka hadi akakaa sakafuni, akacheka hadi baba akaita kutoka ndani kuuliza kuna nini. Na alipokuwa akimkatia mshono ule, bado anafuta machozi, aligundua kwamba kinyongo alichokuwa akikisukuma kwa miaka hakipo. Hakujua kimeondoka saa ngapi. Alikwenda kanisani jioni ile ile kushukuru.

Baba yao alifariki mwaka uliofuata, mchana, mwana huku na binti huku. Masista walimkumbusha kuhusu mlango wao, na mdogo wake akamsihi aende, kwa kuwa sasa yeye amebaki. Alisali juu ya jambo hilo muda mrefu, kisha akashukuru na kukataa, kwa sababu alikuwa ameona kazi yake. Kila familia yenye ugomvi ilikuwa na mtu wa kumwendea yule aliyekosa. Hakukuwa na mtu wa kumwendea yule aliyekosewa, aliyebaki nje akiwa na haki yake yote mkononi. Dada Pamba aliwaendea hao. Hakuwahubiria. Alikaa nao, akawasikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba wameumizwa, kisha akasema, "Sasa simama, twende, mimi nakusindikiza." Wengine walimfukuza. Alirudi.

Vumbi la pamba lilimharibu kifua, naye akafariki mwaka 1989, siku ya tatu ya Majilio, akihudumiwa na mdogo wake, aliyemlisha kwa kijiko. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika ni, "Je, umekula?"

Mengi yanasimuliwa tangu hapo, nasi tunayaeleza kama tulivyoyapokea, tukiliachia Kanisa lipime. Seremala mmoja aliyeapa kutomwona tena bintiye alimwomba Dada Pamba kaburini amwondolee uchungu. Alirudi nyumbani nao vile vile, akakasirika, na njiani akajikuta amesimama mbele ya nyumba ya binti, asijue amepitaje njia ile. Binti alikuwa ametoka usingizini wakati huo huo kwenda kumtafuta. Dada wawili waliokuwa hawasalimiani walikutana katika mazishi yake, wakashika sahani moja ya kugawia watu chakula, na hawajaachana hadi leo.

Wewe unayesoma haya, pengine ni wewe uliyebaki. Ulilea, ulizika, ulivumilia, na mwingine ndiye anayeshangiliwa. Baba hajakusahau. Usingoje furaha ije ndipo uende. Nenda bila furaha, keti karibu na ndugu yako, mpakulie.