Besi Aliyochongewa Baba

Baba yangu alianza kupiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisa letu Nyakisasa kabla mimi sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa shamba, migomba na kahawa na maharage, lakini mgeni akiulizia nyumba yetu barabarani alielekezwa "kwa mpiga besi." Gitaa lenyewe lilikuwa la zamani, jekundu, rangi imebabuka, zito kiasi kwamba mkanda ulimwachia alama begani. Shingo ya gitaa ilikuwa nene na nyuzi zilikaa juu mno, ukizibonyeza unaumia. Ila sauti yake ilikuwa nzito na laini kwa pamoja, unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Marehemu mama alikuwa akisema aliolewa na sauti ile, mwenye gitaa akaja nayo tu.

Mwaka juzi Baba alipata kiharusi upande wa kushoto. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi nusu: aliweza kushika kikombe na kufunga vifungo vya shati akipewa muda, lakini nyuzi zile zilimshinda. Jumapili akawa anakaa kwenye benchi pamoja na waumini wengine, vidole vya mkono mzima vikicheza juu ya goti. Mimi niko kwenye safu ya sauti ya kwanza, namtazama, nasahau maneno ya wimbo.

Wanakwaya wenzake wakamletea besi ya kisasa ya kuazima, nyepesi, nyuzi zimelala karibu na ubao. Vidole vyake viliiweza. Alipiga kidogo, akashukuru, akairudisha ndani ya mfuko wake.

"Mbona umeacha, Baba?" nikamuuliza.

"Inapigika vizuri, mwanangu. Lakini siyo mimi ninayeongea."

Mume wangu ni seremala mjini Ngara, karakana yake iko chini kidogo ya stendi. Hutengeneza vitanda, milango na makabati. Yeye na Baba waliheshimiana kwa namna ya wakwe: shikamoo, marahaba, habari ya mvua, kisha kimya. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuwasikia wakizungumza jambo hadi mwisho. Siku moja nilimpelekea chakula karakana, nikamuuliza kama anaweza kutengeneza gitaa.

"Mimi fundi wa vitanda," akasema. Akala. Aliponawa mikono akaniuliza, "Lile jekundu, ndani yake likoje?"

Tulikwenda Nyakisasa kwa pikipiki. Mume wangu akaomba kulifungua gitaa. Baba alilitazama kwa muda mrefu.

"Ukilifungua, litafungika tena?"

"Baba, sijui. Sitaki kukudanganya."

Nadhani jibu hilo ndilo lililompendeza. "Basi lichukue," akasema.

Kabla hatujaondoka mume wangu alitaka kupima mkono. "Baba, niruhusu," akasema, akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono dhaifu na kuuzungusha kwenye kipande cha mti alichokuwa amekilainisha mfano wa shingo ya gitaa. Niliona aibu ya kuwatazama, nikaenda jikoni. Nikiwa jikoni nilimsikia akiuliza, "Hapa panauma? Na hapa? Kidole hiki kinafika?" Baba akimjibu polepole, kidole kwa kidole. Nilichochea moto uliokuwa tayari unawaka vizuri.

Mwili wa besi mpya aliuchonga kutoka mgrivelia, mti mwepesi, ubao uliokuwa umekaukia darini kwa Baba tangu alipokata mti mmoja wa mpakani mwa shamba lake. Shingo aliichonga kwa mninga, nyembamba, akiipiga msasa na kuipima tena kwenye kile kipande cha mti. Nyuzi na vile vyuma vyembamba vya shingoni viliagizwa Mwanza, vikaja na basi. Kutoka kwenye gitaa jekundu alichukua zile sumaku zinazonasa sauti, na fundi redio wa pale stendi akaziunga nyaya zake. Kingo zote alizilainisha hata mkono ukipita hausikii kona.

Tulipoipeleka, Baba aliipapasa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga. Akasifu mbao, akasifu rangi. Tukaiunganisha kwenye spika, akapiga. Mkono ulifika kila mahali. Lakini nilimjua baba yangu. Alikuwa anatabasamu kwa mdomo tu.

Mume wangu akaketi karibu naye, si kwenye kiti chake cha siku zote.

"Baba, niambie. Mimi sina sikio lako."

Baba akaweka kidole juu ya ubao, karibu na shingo. "Kwenye lile langu, sumaku zilikaa hapa. Wewe umezisogeza huku nyuma. Huku sauti inakuwa kali."

"Niliiga ile ya kisasa," mume wangu akasema.

"Najua. Kwa upande wa mkono umeiga vizuri. Sauti tuiache ya zamani."

Mume wangu alicheka, akaenda kwenye pikipiki kuchukua patasi. Alichimba pale pale uani, Baba akimshikia ubao kwa mkono wake mzima. Vumbi la mbao liliwajaa wote wawili magotini. Walipounga tena nyaya na Baba akagusa uzi mnene, vikombe vilitetemeka mezani. Baba akafumba macho. "Ni vyiza," akasema kwa Kirundi, kama anavyosema jambo likimgusa. Ni vizuri.

Jumapili iliyofuata alipiga wimbo mmoja, amekaa, noti chache. Katikati alikosea na akacheka mwenyewe, kwaya nzima ikacheka naye huku tukiimba. Mkono ulichoka, akapumzika hadi mwisho wa ibada. Sasa anapiga nyimbo tatu, wakati mwingine nne.

Siku hizi mume wangu huenda Nyakisasa bila hata kuniambia. Taarifa huwa naipata kwa Baba, kwenye simu. "Mkwe yuko hapa," ataniambia. "Ananishushia uzi mmoja kidogo. Usitupigie kwa sasa, tuna kazi."