Mafuta Ndani ya Vitufe

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya umeme Guangzhou pale mama mmoja wa Unguja aliponiomba nimtengenezee sauti. Alikuwa mnunuzi wa nguo za jumla, na koo lake lilikuwa limetoka kupasuliwa. Daktari alimkataza kusema kwa miezi miwili, hata kwa kunong'ona. Nasi tulizungumza kwa daftari lake, hasa Ijumaa aliponialika kula kwake.

"Mwanangu," aliandika, "nikinyamaza pale sokoni Guangyuan, wenye maduka wananifanya mjinga."

Nikachora bodi, nikaichonga mwenyewe bwenini, nikaweka chipu, spika ndogo na vitufe vinne, vyote ndani ya boksi dogo. Mwanafunzi mwenzangu, msichana wa Kichina, aliturekodia maneno manne: bei gani, ghali mno, sitaki, nipe dazeni. Vitufe sikununua. Nyuma ya bweni kulikuwa na fundi aliyerundika mashine zilizokufa, na juu ya rundo palikuwa na mashine ya kupokelea oda za chakula, imetoka jikoni kwenye mgahawa wa jirani. Niling'oa vinne, nikavipangusa kwa shati langu.

Siku ya kumkabidhi kila kitu kilifanya kazi. Mama alibonyeza "ghali mno" mara sita mfululizo, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Baada ya siku nne alirudi, akaweka boksi mezani kwangu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Kitufe cha kwanza kilitaka kukandamizwa kwa nguvu za dole gumba lote. Cha pili na cha tatu vilikuwa kimya kabisa.

Nilianza na programu, nikaisoma mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Nikapima umeme kwenye miguu ya chipu, ulikuwa sawa. Nikachukua waya, nikaunganisha miguu miwili ya kitufe cha pili bila kukibonyeza. Boksi likasema kwa Kichina, waziwazi: ghali mno. Basi bodi ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya vitufe.

Mama akavuta kiti karibu. Alikuwa anakula mkate, akiumega kwa vidole vilevile alivyokuwa akibonyezea. Nikaingiza ncha ya sindano chini ya kifuniko cha kitufe, kikafunguka.

Ndani mlikuwa na uji mweusi uliogandamana. Kwenye uji huo ulinasa mguu wa mende na kipande cha ukucha wa mtu. Harufu ya mafuta yaliyochacha ilinipanda puani hadi nikageuza uso. Joto la kulehemu lilikuwa limeyayeyusha, yakatiririka hadi kando ya vibati vya ndani. Kila alipobonyeza yalisukumwa katikati kidogo kidogo, hadi vibati havikugusana tena. Nikafungua cha tatu. Kilikuwa kibaya zaidi.

Hapo ndipo nilipoukumbuka vizuri mgahawa ule. Dirishani mwake walining'iniza nguruwe wa kuchoma, wekundu, wanatiririka mafuta. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nilipita mbele ya dirisha lile kila siku nikitazama upande mwingine.

"Mama," nikasema, "haya ni mafuta ya jikoni. Na jiko lenyewe wanapika nguruwe."

Alitazama mkate mkononi mwake. Akauweka mezani taratibu, akachukua kalamu.

"Ulijua?"

"Nilijua mashine ilikotoka. Sikufikiri."

Alishuka hadi mlangoni mwa bweni, akachota udongo kwenye chungu cha maua, akanawa mara saba kama dini yetu inavyoagiza kwa najisi ya nguruwe, kwa udongo mara moja na kwa maji mara sita, akisugua hadi chini ya kucha. Mlinzi alimtazama kama mwendawazimu. Nami nikanawa baada yake, nikalitupa shati lile, lakini harufu ilibaki puani mwangu kutwa nzima. Nilijichukia kuliko nilivyouchukia ule uji.

Nilitengeneza bodi upya, safari hii kwa vitufe vipya ambavyo mama alivitoa kwenye pakiti mwenyewe, akavinusa kimoja kimoja. Nikamsindikiza Guangyuan. Mwenye duka la kwanza, laoban mnene aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti, alifurahi kuliko mtoto. Aliwaita majirani, akalitwaa boksi, akabonyeza kila kitufe kwa vidole vilivyolowa mate, maganda yakimdondoka kidevuni.

Mama alimnyang'anya boksi, akalifuta kwa ncha ya mtandio hadi likang'aa, kisha akabonyeza "sitaki" na kuhamia duka la jirani. Kule alibonyeza "ghali mno" mara tatu, bei ikashuka, akachukua dazeni mbili za magauni. Mimi nilibeba mzigo.

Kwenye basi hakunitazama hadi karibu na kituo chake. Ndipo aliponipa daftari.

"Boksi limesema vizuri," ilikuwa imeandikwa. "Lakini kwangu usije kula mpaka nikuite."