Safu Iliyotoka Nje

Sahil wa Mbalizi anaweza kukaa kutwa nzima bila sigara, mradi amefunga. Shida yake ni adhana ya magharibi. Wenzake wanawaza uji na tambi, yeye anawaza kiberiti.

Alianza kuvuta mwaka wa kwanza hapa chuoni Iringa, eti kwa sababu ya baridi. Baridi gani, na kwao Mbeya ndiko kwenye baridi yenyewe! Lakini mvutaji hakosi sababu. Kufika mwaka wa tatu kifua kilikuwa kinambana, na mama yake kila akipiga simu anauliza kikohozi hicho ni cha nini. Akaja mwenyewe kwenye kikundi chetu cha Alhamisi kusema anataka kuacha, na alimaanisha.

Kikundi chenyewe hakina makubwa. Tunafunga sunna, tunafuturu kwenye kibaraza cha msikiti, na kila anayeacha sigara ana mwenzake wa kumkalia ubavuni kuanzia tende ya kwanza hadi swala iishe. Wa Sahil alikuwa Masumbuko, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Ubaruku, mpole ila king'ang'anizi.

Alhamisi moja Masumbuko alichelewa kutoka maabara. Sahil akala tende, akazunguka nyuma ya vyoo, akawasha.

Hakuna aliyemsema. Alijihukumu mwenyewe. Tumefundishwa kwamba aliyekula kitunguu kibichi asiukaribie msikiti mpaka harufu imtoke. Sahil akaipima sigara kwa kipimo hicho, akaona hana ruhusa ya kuingia, akaketi kwenye ngazi za nje. Wiki iliyofuata akamtoroka Masumbuko, akavuta tena, akaketi palepale. Nilimwonea huruma, na niliogopa pia. Akizoea kukaa nje ataacha kuja, na akiacha kuja atabaki yeye na sigara yake.

Ilipokimiwa swala jioni hiyo, Masumbuko akachukua mkeka, akatoka nao.

"Rudi ndani, ustadhi," Sahil akasema. "Mimi nanuka."

"Ni kweli, unanuka," Masumbuko akajibu, akiutandika uani. "Basi tunaswali hapa."

Imamu wetu, mwanafunzi mwenzetu, akatuangalia, akatoka pekupeku. Tukamfuata wote. Upepo wa Juni wa Iringa hauna adabu. Tulijipanga safu huku tumekumbatia mabega.

"Jamani, mtaugua bure!" Sahil akasema. Hakuna aliyesogea. "Na Alhamisi ijayo nikivuta tena?"

"Tutatoka tena," alisema Masumbuko, meno yakigongana. "Ila utuambie mapema, tuje na masweta."

Sahil akacheka, kicheko kikaishia kwenye machozi, wala hakuyaficha. Akaenda bombani, akasukutua kinywa kwa maji yale ya barafu mpaka midomo ikafa ganzi. Kisha akarudi, akainama, akashika ncha ya mkeka.

"Shika huko," akamwambia Masumbuko. "Tuurudishe ndani."